Fahamu Namna ya Kupanga Matembezi ya Siku Moja katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa

Tofauti na hifadhi nyingi nchini, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa hutembelewa kwa miguu, kwa kuwa ndani ya misitu yake hakuna barabara za kupitisha magari ya watalii. Kwa sababu hiyo, mafanikio ya ziara hutegemea maandalizi ya mgeni mwenyewe, na jambo la kwanza katika maandalizi hayo ni muda.

Hifadhi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1992 ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990 katika mikoa ya Morogoro na Iringa, na inasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayosifika kwa mimea na wanyama wasiopatikana kwingineko. Miongoni mwao ni mbega wekundu wa Udzungwa na kima wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979. Makao makuu ya hifadhi yapo Mang'ula, takriban kilomita 350 kutoka Dar es Salaam. Msafiri hufuata barabara kuu ya Morogoro hadi Mikumi, kisha hukata kushoto kuelekea Kidatu na Ifakara.

Kuchagua njia

Njia za hifadhi hiyo hutofautiana kwa urefu na ugumu. Njia ya maporomoko ya Prince Bernhard, iliyo karibu na makao makuu, hukamilika kwa chini ya saa moja na huwafaa wazee na watoto wadogo. Njia ya Sonjo huchukua takriban saa mbili. Safari ya kilele cha Mwanihana, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ni ya siku tatu na huhitaji kulala porini.

Kwa mtu mwenye afya njema asiye na mazoea ya kupanda milima, njia ya kiwango cha kati ni ile ya maporomoko ya maji ya Sanje. Maji hayo huanguka kwa hatua tatu kutoka kimo cha takriban mita 170. Mzunguko wake huchukua karibu saa nne, na sehemu kubwa ni ya kupanda na kushuka ndani ya msitu mnene. Msitu unapofunguka, mgeni huliona Bonde la Kilombero na mashamba yake ya miwa.

Kuhesabu muda

Wageni wengi huhesabu muda wa kufika juu na kusahau muda wa kurudi. Jua hutua karibu saa 12 jioni, na chini ya miti mirefu giza hutangulia. Mgeni anayeanza safari ya Sanje saa 3 asubuhi, akatembea saa nne na kupumzika saa moja kwenye madimbwi ya maji, atarejea saa 8 mchana akiwa na akiba ya saa nne za mwanga. Anayeanza saa 6 mchana atarejea saa 11 jioni akiwa na akiba ya saa moja tu. Mwenzake akiteguka kifundo cha mguu, akiba hiyo haitatosha.

Ni vyema, kwa hiyo, kupanga kulala Mang'ula usiku wa kuamkia matembezi badala ya kutoka Dar es Salaam alfajiri na kupanda mlima siku hiyohiyo. Kundi lipange pia saa ya kugeuka, na likubaliane kuwa saa hiyo ikifika litarudi hata kama halijafika juu. Mwendo wa kundi hupimwa kwa mtu wa mwisho.

Msimu

Kipindi kinachofaa zaidi ni miezi ya ukavu, kuanzia Juni hadi Oktoba. Wakati wa mvua za masika, Machi hadi Mei, maporomoko huwa na maji mengi na ya kuvutia, lakini njia huteleza na vijito hujaa ghafla. Mvua ikinyesha milimani, ni busara kuuliza hali ya njia kabla ya kuondoka na kuwa tayari kuahirisha safari.

Mahitaji ya safari

Kila mtu abebe maji yasiyopungua lita mbili, kwa kuwa joto la msituni huambatana na unyevu na mwili hupoteza maji bila mtu kutambua. Viatu viwe vyenye soli yenye meno na viwe vimekwisha kuvaliwa. Viatu vipya huchubua miguu. Mengine ni suruali ndefu, koti la mvua, chakula chepesi, dawa za huduma ya kwanza, tochi hata kwa safari ya mchana, na fimbo ya kupunguza uzito kwenye magoti wakati wa kushuka. Chakula kifungwe katika vyombo vya kutumika tena, kwani mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni, 2019. Anayelala Mang'ula atumie chandarua kujikinga na mbu waenezao malaria.

Taratibu za hifadhi

Mgeni huanza kwa kujiandikisha, kulipa tozo na kupangiwa mwongozaji. Msitu huo una tembo na nyati, hivyo si salama kuingia bila mtu anayeifahamu njia. Inashauriwa kuwasiliana na hifadhi mapema ili kujua viwango vya tozo na utaratibu wa malipo. Wanyama wasilishwe chakula, na taka zote zirudishwe.

Mwisho, mgeni amwachie ndugu au mwenyeji wake taarifa ya njia anayopita na saa anayotarajia kurejea. Mtandao wa simu haupatikani kila mahali msituni, na taarifa hiyo ndiyo itakayowaelekeza waokoaji pa kuanzia iwapo mgeni atachelewa.