Historia: Kompyuta ya posta iliyowapeleka gerezani watu wasio na hatia Uingereza

Kati ya mwaka 1999 na 2015, watu zaidi ya 900 waliokuwa wakifanya kazi katika ofisi ndogo za posta nchini Uingereza walihukumiwa kwa wizi, udanganyifu au kughushi hesabu. Shahidi mkubwa dhidi yao alikuwa kompyuta. Leo inajulikana kwamba kompyuta hiyo ndiyo iliyokuwa na kasoro, na serikali ya nchi hiyo ingali inawalipa fidia waathirika.

Mfumo huo uliitwa Horizon. Ulitengenezwa na kampuni ya ICL, iliyokuwa mali ya Fujitsu ya Japani. Mwanzoni ulikusudiwa kuwalipa wananchi pesa za msaada wa serikali kwa kadi, lakini mpango huo ulivunjwa mwezi wa tano 1999. Kilichobaki ni sehemu ya hesabu, nayo ikawekwa katika maelfu ya ofisi za posta kote nchini.

Posta ndogo nyingi za Uingereza ziko ndani ya duka la kawaida. Mwenye duka anauza mkate na magazeti, na kwenye kaunta nyingine anauza stempu, anapokea malipo, na wakati ule aliwalipa pia wazee pensheni yao. Mtu mwenye kibanda cha kutuma pesa kwa simu mjini Uvira au Bukavu anaelewa kazi hiyo vizuri: wakati wa kufunga hesabu, pesa zilizo ndani ya droo lazima zilingane na zile zinazoonyeshwa na mashine. Zikipungua, Posta ilimdai msimamizi azilipe mwenyewe. Zamani, hesabu ilipokataa, msimamizi alirudia karatasi moja baada ya nyingine mpaka akaona kosa. Horizon ilipokuja, hakuwa na njia ya kutosha ya kutafuta upungufu ulikotoka.

Kosa lenyewe liliweza kuwa dogo sana. Katika posta ya Dalmellington, Scotland, mwaka 2015, mfanyakazi alipokea pauni 8,000 taslimu na kuziingiza kwenye mashine. Skrini ikabaki palepale, akabonyeza tena na tena. Mashine ikaandika pesa hizo mara nne. Kwenye vitabu vya Posta palionekana upungufu wa pauni 24,000, na hakuna mtu aliyekuwa ameiba chochote.

Wasimamizi walijitahidi kadiri walivyoweza. Lee Castleton, wa mji wa Bridlington, aliomba msaada kwa simu mara 91. Hatimaye Posta ilimshtaki, akashindwa mwaka 2007, akatakiwa kulipa gharama za kesi pauni 321,000, akafilisika. Jo Hamilton, wa kijiji cha South Warnborough, alipungukiwa pauni 2,000 hivi. Alipopiga simu na kufuata maelekezo aliyopewa, upungufu uliongezeka mara mbili mbele ya macho yake. Aliweka nyumba rehani ili alipe. Wengi wa wenzake waliambiwa maneno yaleyale: ni wewe peke yako mwenye shida hii.

Hapo ndipo mtego ulipofunga. Kama msimamizi hakukubali hesabu ya mashine, hakuweza kuendelea na kazi siku iliyofuata. Baadhi yao walithibitisha hesabu waliyojua si sahihi, wakitumaini kwamba kosa lingeonekana baadaye. Kisha saini hiyo ikageuzwa kuwa kosa la jinai. Mama Hamilton alikiri kughushi hesabu ili shtaka la wizi liondolewe, kwa sababu aliogopa kufungwa.

Sheria nayo haikuwasaidia. Sheria ya mwaka 1984 iliwataka waendesha mashtaka wathibitishe kwanza kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi vizuri. Kifungu hicho kilifutwa kwa sheria ya mwaka 1999, wakati uleule Horizon ilipokuwa ikisambazwa. Tangu hapo mahakama zilichukulia kwamba kompyuta ni sahihi mpaka mshtakiwa aonyeshe kasoro yake. Lakini taarifa za kasoro zilikuwa mikononi mwa Posta na Fujitsu, na Posta yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiwashtaki watu. Seema Misra, wa West Byfleet, alikana kuiba pauni 74,000. Mwezi wa kumi na moja 2010 alihukumiwa kifungo cha miezi 15, akiwa mjamzito, siku ambayo mtoto wake alitimiza miaka 10.

Aliyeanza kuwakusanya watu hao ni Alan Bates, aliyekuwa na posta ndogo huko Llandudno, Wales. Alikataa kulipa upungufu ambao hakuna aliyeweza kumweleza, akatunza barua zake zote, na mwaka 2003 Posta ikavunja mkataba wake. Mwaka 2009 gazeti la Computer Weekly lilichapisha habari za wasimamizi saba. Mwaka huohuo Bwana Bates aliitisha mkutano katika ukumbi wa kijiji cha Fenny Compton, katikati ya nchi. Watu walioambiwa kwamba kila mmoja yuko peke yake walikaa chumba kimoja na kusikilizana.

Hatimaye watu 555 walikwenda mahakamani pamoja. Mwezi wa kumi na mbili 2019, Jaji Fraser aliamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu, na kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia katika hesabu za posta kutoka mbali, jambo ambalo Posta ilikuwa imelikana kwa miaka mingi. Posta ilikubali kulipa pauni milioni 57.75, lakini sehemu kubwa ilimezwa na gharama za kesi.

Tarehe 23 Aprili 2021, Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu za watu 39, wakiwemo Mama Hamilton na Mama Misra. Baada ya filamu ya televisheni kuamsha hasira ya wananchi mwanzoni mwa 2024, Bunge lilipitisha sheria iliyofuta mamia ya hukumu nyingine kwa pamoja. Ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2025 ilisema kwamba huenda watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya mateso hayo.

Kwa hao, haki ilifika wakiwa kaburini. Walio hai waliokolewa na barua walizozitunza na kwa kutafutana wao kwa wao. Bila hayo, neno la mashine lingebaki kuwa la mwisho.