Mahindi yako marefu lakini hayabebi? Huenda yanagombania mwanga

Shamba linapendeza, mahindi yamepanda juu, majani ya kijani. Siku ya kuvuna sasa, unakuta magunzi madogo yenye mapengo. Wengi hulaumu mbegu au mvua, kumbe mara nyingine tatizo ni kubanana.

Mmea unamjuaje jirani?
Majani hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha mwekundu wa mbali, ambao macho yetu karibu hayauoni kabisa. Mche ukipokea mwingi wa huo kutoka pembeni, unatambua kuna jirani hata kabla kivuli hakijaufikia.

Chakula kinaenda wapi?
Sukari inayotengenezwa na majani ni kama mshahara, haitoshi kila kitu. Mmea ukihisi jirani, hutumia zaidi kurefusha shina ili uwahi jua. Mizizi inapunjwa, shina linakuwa jembamba, na upepo ukija mahindi yanalala.

Upande mwingine, mbolea au maji yakipungua ardhini, mmea hulazimika kuongeza mizizi. Yaani unavutwa juu na chini kwa wakati mmoja. Anayeumia ni gunzi. Ndevu huchelewa kutoka, chavua inakuwa imeshamwagika, na punje hazijai.

Magugu nayo ni majirani
Mche hauchagui. Majani ya magugu hutoa ishara ileile. Ndiyo maana kupalilia kwa kuchelewa hakurudishi kila kilichopotea, kwani mmea ulishabadili mwelekeo tangu mdogo.

Ufanye nini?
• Nafasi inayotumika sana ni sm 75 kati ya mistari na sm 30 kati ya mashimo, mche mmoja kila shimo. Hiyo ni kama miche 18,000 kwa ekari.
• Ukitaka miche miwili kwa shimo, weka sm 60 kati ya mashimo. Ukiacha miwili kwenye sm 30, umefikisha 36,000 kwenye ardhi ileile.
• Palilia mapema, ndani ya wiki 2 hadi 3 baada ya kuota.
• Punguza miche ikiwa bado midogo na udongo una unyevu, ubakize wenye afya.

Kung'oa mche uliougharamia mbegu kunauma, tena sana. Lakini ukiuacha, miwili itagawana chakula cha mmoja, na unaweza usipate gunzi la maana kwa wote wawili.