Samadi, Majivu na Nyumba ya Mfalme

 Safari hii mada yetu ni nyumba. Hatutaki kuhesabu mabati wala shitingi, hayo tunayajua vizuri sana. Tunataka kuzungumza juu ya nyumba nzuri: ndani inavyopambwa, nje inavyopangwa, na akina nani walianza kufanya hivyo huku kwetu.

Kwenye simu zetu kila siku zinapita video za majumba. Sakafu inang'aa, taa zimefichwa darini, bustani ina maji yanayotiririka. Tunaangalia, tunapenda, halafu tunafunga simu na kusema hayo ni ya wenye pesa. Kuna wenzetu wanaenda mbali zaidi: wanasema watu wa huku hatukuwahi kuwa na mambo ya kupamba nyumba, eti uzuri uliletwa na Wazungu pamoja na tofali. Huo ni uongo, na unaumiza. Mtu akishaamini kwamba kwao hakukuwa na uzuri, atakubali kulazwa popote na vyovyote, na hata hatauliza.

Tuanzie Nyanza, kusini mwa Rwanda. Pale Rukari, kwenye jumba la makumbusho, imejengwa upya nyumba ya mfalme kama ilivyokuwa zamani. Ukiiona kwa mbali utasema ni kichuguu kikubwa cha nyasi. Ukiingia ndiyo unajua kwamba kulikuwa na mafundi. Hakuna ukuta wa tofali unaogawa ndani. Kinachogawa ni insika, yaani viwambo vya mafunjo na matete vilivyofumwa kwa mkono na kutiwa michoro ya pembe pembe, nyeusi na rangi ya majani makavu. Kiwambo kimoja kinatenganisha pa kupokelea wageni na pa kulala, kingine kinaficha kitanda. Insika ilikuwa ukuta, pazia na picha ya ukutani kwa wakati mmoja. Na kazi hiyo ya kufuma ilikuwa mikononi mwa wanawake, hata wale wa nyumba kubwa kubwa, walioshindana kwa ustadi wa vidole.

Halafu kuna uruhimbi. Bibi zetu wakilitaja neno hili, sauti inabadilika. Ni kama jukwaa dogo la kuwekea vyombo vya maziwa: vibuyu, vyombo vya mti vilivyochongwa, na vile vikapu vya kifuniko chenye ncha. Mgeni akiingia macho yake yanaenda pale. Usafi wa nyumba ulipimwa pale, na heshima ya mwenye nyumba pia. Kule Lamu, pwani ya Kenya, ndani ya nyumba za mawe za karne ya 18, Waswahili walichonga zidaka ukutani, vishimo vidogo vidogo vimepangana safu juu ya safu, wakaweka humo sahani za kauri zilizokuja kwa jahazi. Vyombo ni vingine, wazo ni lile lile: chagua mahali pamoja pa nyumba, weka pale vitu unavyovithamini, mwache mgeni avione kabla hujafungua mdomo.

Nje sasa. Watu wengi wakiwaza bustani wanawaza maua, lakini wazee wetu walianza na uzio. Urugo wa Kinyarwanda ni boma la mviringo, mara nyingi la imiyenzi, ule mti wa utomvu mweupe unaouchomeka tu ardhini ukashika. Kuna irembo, mlango wa boma, ambapo hupiti hivi hivi, unabisha hodi na kungoja. Kuna uwanja wa mbele wa kukaa na kusalimiana. Kuna igikari, uwanja wa nyuma, wa wenyewe tu. Pale Nyanza kwa mfalme, nyuma ya nyumba kubwa, kulikuwa na nyumba ndogo mbili: moja ya maziwa, iliyotunzwa na msichana ambaye hajaolewa, na moja ya pombe, iliyotunzwa na kijana wa kiume. Maskini hakuwa na hizo nyumba mbili, ila mpango wake ulikuwa wa namna ile ile kwa udogo: irembo, uwanja, nyumba, igikari. Mtu alipita kutoka kwa watu wote mpaka kwa watu wa nyumbani, hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na mahali pake.

Shikeni hilo la hatua kwa hatua, tutalirudia tukifika kambini.

Sasa imigongo. Nani asiyeijua? Iko hotelini, iko ofisini, iko kwenye viatu na mifuko ya wasichana wa Kigali. Michoro yenye matuta, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Jina lenyewe hata Mswahili analisikia: umugongo ni mgongo, imigongo ni migongo, matuta yale yanayopita ukutani kama migongo ya vilima. Asili yake ni Gisaka, ufalme wa mashariki uliokuja kumezwa na Rwanda katika karne ya 19. Simulizi zinamtaja Kakira, mtoto wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, kwamba ndiye aliyetaka nyumba yake iwe na kuta tofauti na za watu wengine. Kwa lugha ya leo tungesema alitaka nyumba ya kuagiza kwa vipimo vyake.

Na alitumia nini? Samadi ya ng'ombe na majivu. Samadi inachanganywa na majivu ili harufu iishe na wadudu wasiingie, kisha inapandishwa ukutani kwa vidole, tuta baada ya tuta. Ikikauka inasuguliwa kwa jiwe mpaka iwe laini. Weupe unatoka kwenye udongo wa kaolini, ambao huku unaitwa ingwa. Wekundu ni udongo mwekundu. Weusi ndiyo wenye kazi: majivu ya maganda ya ndizi, utomvu wa shubiri na matunda ya intobo, yaani ntulantula. Hakuna hata kimoja hapo cha kununua. Mwana wa mfalme alipotaka nyumba ya fahari aliokota vitu ambavyo mama yeyote wa kijijini anavyo nyuma ya nyumba. Tofauti ilikuwa mkono na muda.

Kazi hii ilirithishwa na mama kwa binti, na mwaka 1994 ilikuwa karibu kufa pamoja na waliokuwa wanaijua. Waliobaki, wanawake wa upande wa Nyarubuye, walijiunga kwenye ushirika baada ya mauaji ya kimbari na kuanza tena. Siku hizi wanafanyia zaidi kwenye ubao kuliko ukutani, juu ubao unauzika na ukuta hauuziki. Hatuwalaumu, wanakula kwa hiyo kazi. Ila kitu kimoja kimebadilika: imigongo imetoka kwenye nyumba ya anayeitengeneza na kwenda kwenye nyumba ya anayeinunua.

Wakoloni walikuja na mpango mwingine. Pale Rukari, kando ya ile nyumba ya nyasi, mnaweza kuona nyumba ya Mutara wa Tatu Rudahigwa, ya miaka ya 1930: tofali, vyumba vya pembe nne, baraza pana, viti vya Ulaya. Nyumba mbili ziko ua mmoja na katikati yake kuna umri wa mtu mmoja tu. Huku kwetu Gisenyi, ufukweni mwa Ziwa Kivu, zikapandwa safu za mitende na kujengwa nyumba za starehe za Wabelgiji, bustani inatazama maji. Juu zaidi, upande wa Karisimbi, Mmarekani Rosamond Carr alishika shamba la Mugongo mwaka 1955. Alilima pareto, baadaye maua ya kuuza, na akatengeneza bustani ya Kizungu chini ya volkano. Tunamtaja juu ya jambo moja: Desemba 1994 aligeuza banda la kukaushia pareto kuwa nyumba ya watoto waliopotewa na wazazi. Pambo la zamani likapata watu.

Nyundo yenyewe ilikuwa misheni, na hapa hapa iko shule ya sanaa, ambako vijana wa Rwanda wamefundishwa kuchonga, kuchora na kufinyanga kwa vizazi kadhaa. (Jina la mahali linatufaa sana, fundi bila nyundo ni nani?) Kazi za waliopita shuleni hapo ziko kwenye makanisa na maofisi. Tungependa siku moja ziingie na kwenye nyumba za chumba kimoja na nusu.

Na sisi tuliotoka ng'ambo ya mpaka? Wengi wetu mababu zetu walihamishiwa Masisi na Wabelgiji kuanzia 1937, wakaondoka na mpango wa urugo kichwani. Kule walikuta mbao, wakajenga kwa mbao. Goma nako ni mbao na mawe meusi. Nyiragongo ilipomwaga moto Januari 2002 na kufunika sehemu ya mji, watu walirudi, wakapasua yale mawe yaliyowafukuza, wakayapanga kuwa msingi na uzio. Ukipita Goma leo utaona kuta za mawe ya volkano zimepangwa vizuri kabisa, jiwe linaitana na jiwe, na maua yamepandwa kwenye nyufa. Kilichoua nyumba kimekuwa pambo la nyumba.

Hapo ndipo tunafika kambini. Mwaka 1997 wakimbizi wa Kikongo waliokuwa Mudende, hapa hapa Rubavu, walishambuliwa na kuuawa, Agosti na tena Desemba. Waliobaki walipelekwa Gihembe, juu ya kilima karibu na Byumba. Walikaa pale zaidi ya miaka 20. Watoto walizaliwa, wakaoa, wakazaa. Kilima kikaanza kuporomoka, mabonde yakala nyumba, na mwaka 2021 kambi ikafungwa. Wengi walihamishiwa Mahama.

Mahama iko wapi? Kirehe. Ilifunguliwa Aprili 2015 kwa ajili ya Warundi, ikawa kambi kubwa kuliko zote Rwanda, na iko kwenye wilaya ile ile ya imigongo. Wenzetu wanakaa kwenye nyumba za tofali za udongo zenye kuta tupu, katika nchi ya Kakira. Ng'ombe wako jirani, majivu yako kila jiko.

Ndugu wa mashirika, mnapanga kwa kipimo, na tunajua kwa nini. Kitabu cha viwango vya Sphere kinasema kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za ndani. Bila kipimo hicho watu wangelala kama viazi ndani ya gunia, kwa hiyo hatukidharau. Lakini mita 3.5 haisemi mlango utazame wapi. Kwenye kambi nyingi nyumba zimepangwa mstari, mlango unatazama mlango, na hatua moja kutoka nje uko kitandani kwa mtu. Irembo hakuna, uwanja wa mbele hakuna, igikari hakuna. Zile hatua zote zimekunjwa kuwa moja. Mama anayeoga mtoto, baba anayepokea mgeni na binti anayelia wote wako mahali pamoja. Kuna ugomvi wa majirani unaoletwa kwenye vikao ambao, ukiuchunguza, ni ugomvi wa uwanja wa mbele.

Kuna na hofu nyingine, ya sisi wenyewe. Wazazi wengi hawapambi juu wanaona kupamba ni kukubali kwamba hawarudi. Ukisiliba ukuta vizuri, umesaini. Tunaelewa hisia hiyo, ila watoto wa Gihembe walikua miaka 20 na zaidi ndani ya "kwa muda".

Tena nje ya nyumba si urembo tu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika hapa kwetu, maporomoko yakashuka, na watu zaidi ya 130 walikufa magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Nyumba za udongo zililainika kama uji. Baada ya hapo mfereji wa maji, msingi wa mawe, majani yaliyopandwa kushika ukingo, yote hayo tumeyatazama kwa jicho lingine. Uzio wa imiyenzi unashika udongo pia.

Kwa hiyo tunaomba vitu vidogo. Mnapochora ramani, ulizeni familia mlango utazame upande gani. Acheni hata mita mbili mbele ya mlango, ziwe za mwenye nyumba. Mkileta semina ya ufundi, mleteni mama mmoja wa Kirehe anayejua imigongo, na afundishe ukutani, siyo kwenye ubao wa kuuza peke yake. Sisi hapa tumepata samadi kwa jirani bila pesa na tumeanza na ukuta wa chumba tunachokutania. Tuta la kwanza limepasuka, majivu yalikuwa machache. La pili limeshika.

Na miti. Wafalme wa Rwanda walikuwa wakihama, nyumba za nyasi zinaoza, baada ya miaka michache huoni kitu. Lakini imivumu iliyopandwa kwenye boma ilibaki ikakua mikubwa, na mahali hapo pakaitwa ikigabiro. Hata leo wazee wanaweza kukuonyesha miti fulani juu ya kilima na kukwambia mfalme gani alikaa pale.