Jedwali la Mategemeano

Mwaka 1981 Mmarekani Donald Steward alichapisha njia ya kuchora jinsi kazi za usanifu zinavyosubiriana. Kazi zote huorodheshwa ubavuni, kisha orodha ileile hurudiwa juu kwa mpangilio uleule. Kila penye kazi inayohitaji taarifa ya nyingine hutiwa alama. Alama za upande mmoja wa ulalo ni za taarifa zinazokwenda mbele, za upande wa pili ni za zile zinazorudi nyuma, na hizo ndizo zinazowalazimu msanifu majengo na mhandisi miundo kukaa meza moja. Ukilifasiri jina la njia hii la Kiingereza neno kwa neno utapata “matriki ya muundo wa usanifu”. Silikubali. Kwa mtu wa ujenzi, muundo ni nguzo, boriti na zege. Atadhani anaoneshwa mifupa ya jengo, ilhali kinachochorwa ni nani anamsubiri nani. Napendekeza “jedwali la mategemeano”.

Uzito wa jina hili umo katika kiambishi -an-. Utegemezi huelekea upande mmoja, mategemeano hurudishiana. Mfano ni Jumba la Opera la Sydney. Msanifu majengo Jørn Utzon alishinda shindano la kulisanifu mwaka 1957, na ujenzi wa kitako ukaanza 1959, kabla umbo la mapaa yake ya matanga halijapatiwa hesabu. Nguzo zilisubiri uzito wa mapaa. Mapaa nayo yalipaswa kusanifiwa kwa kujua yatakaa juu ya nini. Wazo la kuyakata yote kutoka katika tufe moja lilipatikana 1961, na nguzo zilizokwisha kusimama ikabidi ziimarishwe. Jumba lilifunguliwa 1973. Ratiba ya kawaida haina mahali pa kuandika kwamba kazi mbili zinasubiriana. Jedwali hili linapo.

Yupo atakayesema alama nyingi humo ni za utegemezi mtupu, hivyo jina linatia chumvi. Ni kweli ni nyingi, lakini hizo hata ratiba ingezimudu; jedwali huchorwa kwa ajili ya zile zinazorudishiana. Mwingine ataona “jedwali” ni neno pana mno. Mbona “jedwali la elementi” halimbabaishi mwanafunzi wa kemia? Tena, majina ya watu yakiwekwa badala ya yale ya kazi, ili ionekane nani anahitaji kuzungumza na nani, muundo na usanifu vyote hutoweka kwenye orodha. Mategemeano hubaki.