Maana ya Ubaguzi wa Rangi, na Mambo Yaliyopita Ugogo

Walimu wengi wakiulizwa ubaguzi wa rangi ni nini, hujibu kwamba ni kuwachukia watu wa rangi nyingine. Jibu hilo halitoshi. Kitenzi kubagua hakitaji chuki. Maana yake ni kutenga, kuwaweka hawa huku na wale kule. Neno lenyewe lataja tendo. Basi na tutazame mambo yaliyopita katika nchi yetu, tuone kama lugha yasema kweli.

Injili ililetwa Mpwapwa na watu wa C.M.S. mwaka 1876, nao walifundisha kwamba wanadamu wote ni wana wa Adamu mmoja. Lakini zaidi ya miaka sabini baadaye, wakati wa mradi wa karanga ulioanza 1947, palifunguliwa huko Kongwa, jirani na Mpwapwa, shule ya watoto wa Wazungu peke yao, ikadumu hata 1958. Wala haikuwa Kongwa tu. Katika Tanganyika nzima Wazungu, Wahindi na Waafrika walikuwa na shule zao mbalimbali, wala fedha hazikugawanywa sawasawa, mpaka mpango mmoja wa elimu ulipoanza Januari 1962. Mtu aliweza kufundisha katika shule ya namna hiyo akiwa mpole na mcha Mungu. Hakuhitaji kumchukia mtoto wa Kigogo. Mlango ulikwisha kufungwa kwa sheria.

Katika Waraka kwa Wagalatia, sura ya pili, Mtume Paulo asimulia habari za Petro huko Antiokia. Petro alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa. Walipofika wengine kutoka Yerusalemu, akajitenga. Paulo hasemi kwamba Petro aliwachukia, asema aliogopa. Hata hivyo alimkemea mbele ya wote, kwa maana meza iliyogawanyika yaikanusha Injili, hata kama waliojitenga ni watu wema.

Wala tofauti yenyewe si dhambi. Watani wa kabila hili na lile huchekana kwa maneno makali, lakini msiba ukitokea mtani huja kusaidia mazishi. Wanatofautiana bila kutengana.

Tena ubaguzi si dhambi ya Mzungu peke yake. Mwezi wa Oktoba 1961, uhuru ukiwa karibu, wajumbe wengine wa Bunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika tu. Mwalimu Julius Nyerere alipinga vikali, akiona kwamba aliyebaguliwa jana aweza kubagua kesho.

Kwa hiyo nasema: ubaguzi wa rangi ni kumpimia mtu heshima, haki au nafasi kwa asili ya kuzaliwa kwake, iwe kwa chuki, kwa hofu, au kwa mazoea tu. Mkristo huuita dhambi kwa kuwa wamtenga mtu ambaye Kristo amemkaribisha.

Mwalimu akifundisha kwamba ubaguzi ni chuki tu, kila mwanafunzi atautazama moyo wake, asione chuki, aende zake kwa amani. Akifundisha kwamba ni tendo, watauliza: Ni nani asiyeketi mezani petu, na ni nani aliyemzuia?