Divai ya shayiri: nguvu, wakati na kipimo

Padri mmoja, mwenzetu wa zamani katika seminari kubwa, alirudi toka masomo ya Ulaya akatuletea chupa moja ndogo ya bia ya Ubelgiji, jina lake Bush. Tulikuwa mapadri wanne mezani, baada ya chakula cha magaribi. Yeye hakuimimina namna tunavyomimina bia. Alichukua glasi ndogo za divai, akatia vidole viwili tu katika kila glasi. Aliye mdogo kati yetu akacheka: «Yaya, unatunyima?» Akajibu: «Onja kwanza, mdogo wangu.»

Tukaonja. Rangi yake ni ya shaba, povu lake ni kidogo. Harufu ni ya matunda makavu na ya sukari iliyoungua. Ulimini unakuja kwanza utamu, kiisha uchungu, na mwisho joto linashuka polepole mpaka kifuani. Tuliposoma karatasi ya chupa tuliona: 12 kwa mia. Bia tunazozijua hapa kwetu, Simba na Primus, zina karibu 5 kwa mia. Hakuna aliyeomba glasi ya pili, hata yule aliyecheka.

Ndipo tukaulizana: kwa nini watu walitengeneza bia yenye nguvu namna hii? Tena kwa nini Waingereza, walio mabwana wa bia hizo, waliziita divai ya shayiri? Maana Bush yenyewe ni mtoto wa Uingereza kwa namna fulani. Ilianza kutengenezwa mwaka 1933 katika kijiji cha Pipaix, na mwenye kiwanda, Dubuisson, aliligeuza jina lake kwa Kiingereza juu bia za Uingereza zilisifiwa sana Ubelgiji siku zile. Basi tufuate njia mpaka kwenye chemchemi.

I. Jina

Wanaojifunza Kigiriki wanamjua Xenophon. Mwaka 401 mbele ya Kristo, kundi la askari Wagiriki lilianza kurudi kwao toka Babeli, wakapita katika milima ya Armenia wakati wa baridi kali. Xenophon anaeleza kwamba katika nyumba za wanavijiji walikuta vyombo vikubwa vya «divai ya shayiri». Punje zilielea juu, na watu walinywa kwa mirija. Anasema ilikuwa kali sana kama haikutiwa maji, lakini tamu kwa aliyeizoea. Wazee wa Kivu na wa Rwanda waliokunywa kwa mrija toka chungu kimoja hawatashangaa.

Xenophon alikuwa mtu wa nchi ya mizabibu, hakuwa na jina lingine la kuita kileo kizuri. Waingereza walifanya sawa na yeye, lakini kwa sababu nyingine, kama tutakavyoona. Hapa tuseme neno moja tu kwa ndugu zetu wanaosoma teolojia: jina halibadili kitu. Shayiri, hata ikiwa na nguvu gani, haiwi tunda la mzabibu, na kwenye altare haina fasi.

II. Burton na wamonaki wake

Katikati ya Uingereza, kando ya mto Trent, uko mji wa Burton. Mtu mkubwa mmoja, Wulfric Spott, alianzisha pale abasia ya Wabenedikto, na mfalme Æthelred akaithibitisha kwa barua mwaka 1004. Wamonaki walipika bia, kwa kuwa mizabibu haikusitawi vema katika baridi ile. Maji ya visima vya Burton yanapita katika mawe ya jasi, na kwa sababu hiyo yanafaa ajabu kwa kazi ya bia. Mwaka 1539, katika utawala wa Henry VIII, abasia ilifungwa. Wamonaki walikwenda, lakini maji na ufundi vilibaki mjini.

Tusisahau kwamba wamonaki wale walikuwa chini ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Katika sura ya 40 anapanga kipimo cha divai cha kila siku kwa kila mmoja, naye anasitasita kukipanga, juu anajua udhaifu wa watu. Hakukataza kinywaji, alikipimia. Neno hili tutalirudia.

III. Nguvu ilitafutwa kwa ajili ya nini?

Fundi wa bia huotesha shayiri kidogo, huikausha, huisaga: hicho ndicho kimea. Kiisha hukitia katika maji ya moto ili utamu utoke. Fundi wa Uingereza wa zamani alikamua kimea kilekile mara mbili au tatu. Maji ya kwanza yalikuwa mazito na matamu sana. Yalitoa bia kali. Maji ya pili yalitoa bia ya kila siku, na ya mwisho yalitoa bia nyepesi ya watumishi na watoto. Bia kali, basi, ilikuwa malimbuko ya kimea, na ilikuwa ghali.

Tena haikunywewa upesi. Ilitiwa maua mengi machungu ya hubloni, yanayozuia kuoza, ikawekwa katika mapipa ya mti mwaka mzima au zaidi. Hapa tunagusa jambo lenyewe: nguvu ilitafutwa ili bia iweze kungoja. Bia nyepesi inaharibika upesi. Bia kali inashindana na wakati. Mwaka 1904 Mdenmarki N. Hjelte Claussen alieleza kwamba katika bia hizo za Uingereza zilizokaa sana kuna chachu ya pili, inayofanya kazi polepole baada ya ile ya kwanza na kuzipa harufu yao. Akaiita Brettanomyces, maana yake kwa Kigiriki ni kuvu ya Uingereza.

Katika karne ya 18 mabwana wa mashamba walipika bia hiyo mwezi wa Oktoba katika nyumba zao. Uingereza na Ufaransa zilipigana mara nyingi, divai ya Ufaransa ikawa adimu na ghali. Basi bia ya Oktoba ilishika fasi ya divai mezani, katika glasi ndogo. Ndiyo sababu ya jina. Desturi nyingine ilikuwa nzuri zaidi: mtoto wa kiume akizaliwa, baba alipika pipa la bia kali, na pipa lile halikufunguliwa mpaka mtoto afikishe miaka 21. Aliyelipika alijua kwamba labda hataishi mpaka kulionja.

IV. Safari zake

Kinywaji kinachoweza kungoja kinaweza pia kusafiri. Katika karne ya 18 bia kali ya Burton ilishuka kwa mashua mpaka bahari, ikauzwa katika Urusi na nchi za Baltiki. Mwaka 1806 Napoleon alifunga milango ya Ulaya mbele ya biashara ya Waingereza, na mafundi wa Burton wakaumia sana. Baadaye, tangu mwaka 1822, Samuel Allsopp na wenzake waligeukia Uhindi kwa bia nyingine, nyeupe zaidi na chungu zaidi.

Mwaka 1852 Allsopp alipika bia kali sana kwa ajili ya merikebu za Edward Belcher, aliyetumwa katika barafu ya kaskazini kumtafuta Sir John Franklin aliyepotea tangu 1845. Bia ile haikuganda upesi kama maji, nayo ilikuwa chakula kwa watu wa baridi.

Kiwanda cha Bass, kilichoanzishwa Burton mwaka 1777, kilipika bia iitwayo No. 1, na mwanzoni mwa karne ya 20 jina la divai ya shayiri liliandikwa juu ya chupa yake. Mwaka 1902 mfalme Edward VII alikwenda Burton akaanzisha mwenyewe kazi ya pipa moja. Lakini vita vya 1914 vilikata mambo: nafaka ilipungua, serikali ikaamuru bia ipunguzwe nguvu, na baada ya vita nguvu ya zamani haikurudi. Bia kali ilibaki katika chupa ndogo. Mwaka 1968, miaka 40 baada ya kufa kwa mwandishi Thomas Hardy, kiwanda cha Eldridge Pope kilitoa bia kwa jina lake, kikasema inaweza kukaa miaka 25. Mwaka 1975 Anchor wa San Francisco alianza kuipika Marekani.

V. Tunaokota nini?

Juma lilelile tulipoonja chupa ya Bush, tulizika baba wa watoto watano. Lutuku ilimmaliza. Baada ya maziko tuliuliza vijana waliochimba kaburi: «Kwenu pombe nzuri ni ipi?» Mmoja akajibu bila kusita: «Padri, ni ile inayoangusha mtu upesi na kwa franka kidogo.»

Jibu lile lilituumiza, juu lina mantiki yake. Mtu mwenye njaa na bila kazi hanunui ladha, ananunua usahaulifu. Wala si Waafrika tu: katika miji ya Uingereza watu wengi walikunywa hivyo. Lakini historia hii inatuonyesha kwamba nguvu peke yake haikuwa sifa ya kinywaji. Mafundi wa Burton waliunganisha mambo matatu: nguvu, wakati na kipimo. Nguvu ilitumikia wakati; na kwa kuwa wakati uliifanya ghali, kipimo kilikuwa kidogo. Ondoa wakati na kipimo, nguvu inabaki sumu.

Wazee wetu nao walijua. Chungu cha pombe kilikuwa na siku yake, mwenyewe, na mkubwa wa kusema: «Sasa yatosha.» Basi, ndugu, tunapohubiri juu ya ulevi, tusiseme tu «usinywe». Tuwaulize watu: ni nani leo anayesema «yatosha» katika kijiji? Kama hakuna, hiyo ndiyo kazi inayotungoja, nayo ni ndefu kuliko miaka 21 ya pipa.