Selimundu na malaria: utafiti uliofanywa kwa damu ya watu wetu

Mwaka 1949 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga safari ya utafiti kuja Mlima Kenya. Mmoja wao, Anthony Allison, alikuwa akisomea udaktari. Alikuwa amekulia Gilgil, katika Bonde la Ufa, na kazi aliyojipa ilikuwa kukusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ili kuona zinatofautiana vipi. Katika kazi hiyo alipima pia selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu.

Kipimo chenyewe kilikuwa chepesi. Tone la damu linawekwa juu ya kioo, linachanganywa na kemikali inayoondoa oksijeni, kisha linafunikwa kwa kioo kingine chembamba. Baada ya muda mpimaji anaangalia kwa hadubini. Kama mwenye damu hana urithi wa selimundu, chembe nyekundu zinabaki na umbo lake la duara. Kama anao, zinajipinda na kuchongoka ncha mbili, mundu mtupu.

Majibu yalimshangaza. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa wamebeba urithi huo. Kwenye nyanda za juu zilizo katikati, hata mmoja katika 100 hakufika. Tena tofauti hiyo haikufuata kabila wala lugha. Wajaluo wa ziwani walikuwa nao kwa wingi, na majirani zao Wabantu vilevile, ilhali Wakikuyu, ambao ni Wabantu pia, karibu hawakuwa nao kabisa. Wakati huo wataalamu wengi wa kikoloni waliamini kwamba damu ya mtu inaonyesha asili ya kabila lake. Huyu kijana akaona inaonyesha mahali ambapo watu hao na mababu zao wameishi.

Lakini kulikuwa na fumbo kubwa zaidi. Mtu aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida anaishi bila kuumwa. Aliyerithi kutoka kwa baba na mama ndiye mgonjwa: maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, maambukizi yasiyokwisha. Zama hizo wengi wa watoto hao walifariki kabla hawajakua. Urithi unaoua watoto kizazi baada ya kizazi ulipaswa kupungua hadi kutoweka. Kwa nini basi ulijaa Kisumu na Mombasa, ukakosekana milimani?

Allison alijibu: mbu. Pwani na ziwani malaria ni ya mwaka mzima. Juu kwenye baridi ni haba. Huenda wanaobeba urithi kutoka kwa mzazi mmoja wana kinga dhidi ya malaria, na kinga hiyo ndiyo inayofidia vifo vya wale waliorithi pande zote mbili. Hakuwa wa kwanza kuhisi hivyo. Mwaka 1946 daktari aitwaye Beet, aliyefanya kazi katika nchi ambayo sasa ni Zambia, aliripoti kwamba wenye urithi huo walionekana na vimelea vya malaria mara chache kuliko wenzao. Kilichokosekana ni ushahidi wa kutosha.

Allison alimaliza masomo, akarudi mwaka 1953 kuutafuta. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Kati ya 43 waliobeba urithi wa selimundu, asilimia 28 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasio nao, asilimia 46. Kisha akafanya jambo ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingelihoji vikali. Alichukua wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, 15 wenye urithi na 15 wasio nao, akawaambukiza malaria kwa makusudi. Katika wasio na urithi, 14 walipata vimelea. Katika wenye urithi, wawili tu.

Makala yake ilichapishwa mwaka 1954 katika jarida la madaktari wa Uingereza, na si wote walioikubali mara moja. Ushahidi ulizidi kujengeka kwa miaka, na mwaka 2005 watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walionyesha kwamba urithi wa upande mmoja unapunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90. Leo duniani kote wanafunzi wa baiolojia wanafundishwa kisa hiki kama mfano bora wa jinsi maradhi yanavyoweza kuunda maumbile ya binadamu. Jina la Allison limo vitabuni. Wanaume wale 30 wanatajwa kwa idadi na kabila tu. Kwangu mimi hilo ni deni. Waliingiziwa miilini mwao vimelea vinavyoua, na wao pia ni waanzilishi wa elimu hii.

Deni jingine ni la uelewa na matibabu. Katika ukanda wetu mtoto akigundulika na selimundu, macho ya ukoo humgeukia mama, wakati ni lazima baba naye awe ameibeba. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, bila laana wala mkosi wa mtu yeyote. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wa namna hiyo kila mwaka, na ni mwaka 2004 tu ndipo Hospitali ya Muhimbili, chini ya Profesa Julie Makani, ilipoanza kuwafuatilia wagonjwa wake kwa utafiti wa muda mrefu.

Marekani ilijua tangu mwaka 1995 kwamba dawa ya haidroksiyurea inapunguza maumivu ya wagonjwa walio watu wazima. Afrika ilichelewa kuitumia, kwa sababu moja kubwa: hofu kwamba huenda ingewazidishia malaria watoto. Jibu lilikuja mwaka 2019, baada ya watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kupewa dawa hiyo. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua, na malaria nayo ikapungua. Ni dawa ya kumeza tu, na haina sababu ya kuishia katika hospitali za rufaa wakati mtoto mgonjwa yuko kisiwani Ukerewe.